Kununua mali ya dhuluma: sheria ya Kiyahudi inamuonaje mnunuzi?

Nafundisha sheria za dini, na swali linalorudi sana darasani siku hizi ni la nguo na simu: kama kitu kimetengenezwa kwa kuwadhulumu vibarua, mimi niliyekinunua dukani nina kosa gani? Leo niwaonyeshe Wayahudi wanalijibuje, maana wamelichambua karne na karne.

Tuanze na wizi, hapo hamna kona kona. Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi uliokamilika kama mwaka 200 hivi baada ya Kristo, inakataza kununua sufu, maziwa au wanambuzi kwa mchungaji, kwa sababu mifugo ina mwenyewe na inawezekana kabisa anauza bila tajiri wake kujua. Mayai na kuku nunua popote, lakini hata hapo muuzaji akikwambia "ficha", basi, usinunue. Yaani huhitaji ushahidi wa mahakamani, biashara yenyewe ikitia shaka inatosha. Afu Maimonides, yule mwanasheria na tabibu aliyefariki Misri mwaka 1204, akaeleza sababu: kununua kwa mwizi ni dhambi kubwa kwa kuwa unamtia nguvu aibe tena, angekosa mnunuzi asingeiba. Talmud nayo, kitabu kikubwa cha mijadala ya marabi (walimu wa sheria ya Kiyahudi) juu ya Mishna, ina msemo kwamba mwizi sio panya, mwizi ni shimo, yaani yule anayepokea mali ya wizi. Na jibu lake lipo papo hapo, bila panya shimo lingepata wapi?

Sasa twende kiwandani. Torati inaamuru kibarua alipwe kabla jua halijazama (Kumbukumbu la Torati 24:15) na Talmud inasema anayemzuilia ujira wake ni kama amemtoa roho. Dhambi ya tajiri haina ubishi. Lakini shati lenyewe sio la wizi, kitambaa kanunua na mashine ni zake, kwa hiyo lile katazo la mali ya wizi halimfikii mnunuzi moja kwa moja. Ndo wanasheria wanahamia Walawi 19:14, usiweke kikwazo mbele ya kipofu, ambayo marabi wanaisoma pia kama katazo la kumwezesha mtu atende dhambi. Mfano wa Talmud ni mnadhiri, aliyeapa kutokunywa divai: akiwa ng'ambo ya mto na wewe ukampa kikombe umekosa, kwa sababu bila wewe asingekipata. Kama angeweza kujichukulia mwenyewe, katazo la Torati linalegea, ingawa wanasheria wengi wanasema kumsaidia bado kumekatazwa na marabi.

Na hapo ndipo watu wengi wanapopumulia, kwamba kiwanda kina wateja mamilioni, nisiponunua mimi atanunua mwingine. Mi siridhiki na wanaoishia hapo. Hoja ya Maimonides ni ya soko, na dhuluma ya kiwandani inaishi kwa soko vilevile kama wizi, iwe shati au madini ya kobalti ya betri za simu yanayochimbwa Kolwezi, Kongo, ambako watoto wameonekana machimboni wakifanya kazi hiyo. Ukweli ni kwamba mnunuzi mmoja hana uzito, ila wanunuzi wakiwa pamoja wanao, na sheria yenyewe inalijua hilo. Mwaka 2009 Wayahudi wa Orthodox (wale wanaoshika sheria za zamani) huko Marekani walianzisha Tav HaYosher, alama ya migahawa ya kosher, yaani ya chakula halali kwa Wayahudi, inayolipa wafanyakazi wake kihalali, ili mteja ajue aingie wapi.

Ila mfano ninaoupenda zaidi ni wa karne ya 17, kwa rabi Menachem Mendel Krochmal wa Nikolsburg, Moravia, ambayo leo iko Jamhuri ya Cheki. Wauza samaki walishajua Wayahudi watanunua tu samaki wa Sabato hata wakipandisha bei vipi, jamii ikakubaliana isinunue kabisa kwa miezi miwili, halafu wakamuuliza rabi kama inafaa kuiacha Sabato bila samaki. Akaruhusu, ili bei ishuke na maskini naye aweze kununua.