Kurejeleza simu na TV maana yake nini hasa?

Ukitaja kurejeleza watu wanamuwaza yule jamaa wa skrepa anayepita na mkokoteni, anapima, anakupa hela ya vocha, kasepa. Ile ni kukusanya tu, kurejeleza bado. Kurejeleza ni pale kifaa kinafunguliwa, plastiki huku, alumini huku, betri kando kabisa, bodi zinaenda kwa wenye mitambo ya kutoa dhahabu, fedha na shaba, halafu yale madini yanarudi kutengeneza kitu kingine. Medali kama 5,000 za Olimpiki ya Tokyo zilitoka kwenye simu na vifaa vibovu walivyotoa Wajapani, dhahabu peke yake kilo 32.

Kuchoma waya upate kopa nako wengine wanaita kurejeleza. Hapana jamani. Lile ganda la plastiki ya PVC likiungua linatoa dioksini, kemikali yenye sumu kali, na wa kwanza kuivuta ni kijana aliyeinamia moto. TV za chogo ndo usiseme, kioo chake kina risasi (siyo ya bunduki, ni ile metali yenye sumu, lead), ukikivunja risasi inabaki hapo hapo uani.

Sasa kuna uzalishaji endelevu, na kwangu hapa ndo penye mzizi ila watu wanaparuka. Maana yake kifaa kitengenezwe tangu kiwandani kidumu, kifunguke na spea zake zipatikane. Kumbuka Nokia ya tochi, unabandua mfuniko kwa kucha, betri unabadili mwenyewe umekaa kwenye daladala. Leo mpelekee fundi simu yenye betri iliyovimba, anaipasha moto gundi ilegee, anapitisha kikadi chembamba pembeni taratibu kioo kisipasuke, jasho linamtoka, na hiyo ni betri tu!! Gundi hiyo hiyo ndo inamtesa mrejelezaji maana yeye ana simu maelfu, akiziingiza kwenye mashine ya kusaga na betri ndani zinaweza kuwaka moto. Ndo maana sheria ya betri ya Ulaya ya 2023 inataka kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vidogo mtumiaji aweze kuzitoa mwenyewe (misamaha ipo, si unawajua wenye makampuni).

Halafu kuna wajibu wa mzalishaji, yaani aliyekuingizia kifaa sokoni achangie gharama za kukiondoa kikifa, Kenya wameuweka kwenye sheria yao ya taka ya 2022. Bila hapo anayelipa ni jalala. Mwaka huo huo dunia ilitoa taka za kielektroniki tani milioni 62, zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaoeleweka ni asilimia 22 na kidogo.

Na kurejeleza siyo hatua ya kwanza. Rwanda wana kiwanda cha taka za kielektroniki wilaya ya Bugesera, kompyuta inayotengenezeka inakarabatiwa inarudi kazini, nyundo na bisibisi ya kuvunjia ni kwa ile iliyoshindikana kabisa.