Eti hewa chafu ni ya mjini tu? Shamba nalo limo

Ukimwambia mtu kilimo kinachafua hewa anakucheka, anakwambia kasimame Ubungo, pale Dar kwenye foleni ya magari, jioni ndo utajua hewa chafu ni nini. Sawa, Ubungo sibishi. Ila kuna utafiti ulitoka 2015 kwenye jarida la Nature, ukaonyesha kwamba sehemu kubwa ya Ulaya na mashariki mwa Marekani, kinachochangia zaidi vile vichembe vidogo vinavyoua watu ni kilimo, kimeyapita magari na viwanda.

Shida watu wanadhani lazima uone moshi. Chukua urea, ile nyeupe ya kukuzia, ina naitrojeni asilimia 46, mtu anaimwaga juu juu kwenye mahindi, jua kali, unyevu kidogo tu, anaondoka zake akijua mbolea imeingia ardhini. Wapi! Sehemu yake inageuka amonia inapaa, harufu ile ile inayokukata pua ukifungua banda la kuku asubuhi. Ikishafika juu inakutana na tindikali zinazotokana na moshi wa magari na viwanda, zinashikana, vinatokea vichembe chini ya mikromita 2.5, wakati unywele wako ni kama 70, kwa hiyo vinapita puani vinaenda mpaka ndani kabisa ya mapafu na vingine vinaingia kwenye damu. Yaani gari la mjini na shamba la mtu wanashirikiana. Ukiifukia hiyo urea, au ukaiweka mvua ya kueleweka ikiwa inakuja, inayopotea ni kidogo sana na hela yako imepona.

Ng'ombe? Nao wamo, wanatoa gesi inaitwa methani. Wengi wanasema eti wanaijamba, kumbe karibu yote inatoka mdomoni, kwa mbweu. Haikukohoshi moja kwa moja, ila inachangia ozoni ya huku chini, inayowasha mapafu na kupunguza mavuno ya maharage na ngano.

Halafu kuna hii ya "moshi wa mabua ni wa asili, hauna neno". Sumu ya nyoka nayo ni ya asili jamani. Waulize wa Kilombero, kwenye mashamba ya miwa kule Morogoro, miwa ikichomwa ili majani yaishe ikatwe kirahisi, masizi yanatua mpaka kwenye nguo zilizoanikwa, na hayo unayoyaona ndo afadhali. Wengine wanajitetea majivu ni mbolea, haya, potasiamu na fosforasi nyingi inabaki kweli, ila naitrojeni karibu yote imeondoka na moshi, ndo maana msimu ukianza mtu yuko dukani anauliza bei ya urea.