Kiungulia wodini: maswali ya ndugu wa mgonjwa

Saa 10 jioni ndugu wanaingia wodini na hotpoti: ugali wa uwele, mlenda, kuku wa kukaanga. Mgonjwa anakula ameegemea kiwiko, akishiba analala chali. Saa 2 usiku ananiita: "Nesi, kifua kinawaka." Hapa Dodoma maswali ninayoulizwa sana kuhusu tumbo ni haya.

Mama kavunjika nyonga, hajawahi kuwa na kiungulia. Kimetoka wapi?

Kwa kulala, na pengine kwa dawa. Mwisho wa umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, kuna msuli unaojibana chakula kikishapita. Ukilegea, tindikali ya tumbo hupanda, na umio hauna utando wa kuihimili. Aliyekaa wima, tindikali inarudi chini yenyewe. Aliyelala chali inambakia humo humo, inamchoma.

Halafu kuna dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni. Hizi hudhoofisha kinga ya ukuta wa tumbo na zinaweza kuleta vidonda. Ni ugonjwa mwingine, ila mgonjwa atakwambia neno lile lile: "panawaka". Dawa kali za maumivu, morfini na tramado, zenyewe hupunguza mwendo wa utumbo, mtu akakaa siku 4 bila choo huku akiona haya kusema. Wazee ndio zaidi. Tuambieni mapema jamani.

Tumsaidieje?

Kabla hamjafungua hotpoti, mkalisheni. Kama ameagizwa asinyanyuliwe kwa sababu ya mfupa, muulizeni muuguzi kwanza. Mpeni kidogo kidogo, na kati ya mlo wa mwisho na kulala yapite masaa 3. Mkirudi nyumbani, wekeni matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, kitanda kiinuke sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakusaidii sana. Kunamkunja tumbo tu.

Tumwachishe mlenda?

Mlenda unasingiziwa. Angalieni mafuta ya yule kuku, maana mafuta hukawia tumboni.

Omeprazo, dawa ya kupunguza tindikali, anywe akishakula?

Hapana, nusu saa kabla ya kula. Na kama daktari anataka kupima kinyesi kutafuta Helicobacter pylori, bakteria anayesababisha vidonda vingi vya tumbo, mwambieni kwamba mgonjwa anaitumia. Kwa kawaida husimamishwa wiki 2 kabla ya kipimo, la sivyo bakteria anaweza kufichika na jibu likaja safi.

Lini tusisubiri asubuhi?

Akitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami. Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini msiamue wenyewe. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya, na jasho jembamba, yanaweza kuwa ya moyo: iteni mtu papo hapo.

Chakula kuwa kinakwama kooni mara kwa mara si dharura ya usiku huo huo, lakini nako msikupuuze. Saratani ya umio ipo kwa wingi Afrika Mashariki, na wengi hufika wakiwa wameshahamia kwenye uji miezi mizima, wakidhani ni kiungulia.