Je, wajua kwa nini vumbi la tairi huua samaki wachanga?

Wengi hujibu haraka: samaki humeza vipande vya mpira, tumbo linajaa, anakufa. Jibu hilo lina ukweli kidogo, kwa sababu chembe za tairi zimekutwa kwenye matumbo ya samaki. Lakini kinachoua upesi hakimezwi. Huyeyuka kutoka kwenye chembe na kuingia majini, na samaki hukipata kwa kupumua tu.

Dhana nyingine ni kwamba mpira ni utomvu wa mti, kwa hiyo utaoza. Tairi la leo lina utomvu huo, lakini umechanganywa na mpira wa viwandani unaotokana na mafuta ghafi, pamoja na masizi, salfa, oksidi ya zinki na kemikali iitwayo 6PPD. Tazama ubavu wa tairi la lori lililokaa juani kwa miezi. Weusi wake umegeuka kahawia, na mpita njia hudhani ni vumbi la barabara. Mara nyingi ni 6PPD, iliyopanda kutoka ndani kama mafuta yanavyopanda juu ya mchuzi. Imewekwa humo makusudi: gesi ya ozoni hukata nyuzi za mpira hadi tairi linachanika mipasuko midogo, na 6PPD huwahi kukutana na ozoni ili mpira usalimike. Mabaki ya mkutano huo huitwa 6PPD-kwinoni.

Mabaki hayo yaliwahangaisha watafiti wa Seattle, Marekani, kwa miaka mingi. Samaki aina ya coho, ambao huanguliwa kwenye vijito kisha huenda baharini, walikuwa wakirudi kutaga na kufa baada ya mvua, mayai yakiwa bado tumboni. Zilishukiwa dawa za wadudu, madini ya breki, joto la maji, magonjwa. Mwaka 2020 ndipo kemikali yenyewe, 6PPD-kwinoni, ilipotambuliwa. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa nanogramu 95 tu katika lita moja zinatosha kuua nusu ya coho wachanga ndani ya saa 24. Kwa tangi la maji la lita 10,000, hiyo ni chini ya miligramu 1.

Kwa nini chembe ndogo hivyo iwe na nguvu hivyo? Fikiria chai. Jani zima hutoa rangi polepole, lakini chai ya unga hukoleza sufuria mara moja, maana maji yameigusa kila upande. Chukua kipande cha mpira cha sentimita 1 kila upande: eneo lake la nje ni sentimita za mraba 6. Kisage kiwe chembe za milimita 0.1, upate milioni moja, na eneo lote linafika sentimita za mraba 600, karibu sawa na karatasi ya A4. Uzito haukubadilika. Barabara hufanya usagaji huo kila dereva anapofunga breki au kukata kona, na tairi lenye upepo pungufu husagika zaidi kingoni.

Kanuni hiyohiyo humgeukia samaki mchanga. Mukene, yaani dagaa wa ziwani, akianikwa ufukweni hukauka upesi, ilhali sangara lazima apasuliwe kwanza. Kiumbe mdogo ana ngozi nyingi kwa uzito wake, na samaki aliyetoka tu kwenye yai hupumulia ngozi hiyo kabla matamvua hayajakomaa. Hata mabuu ya kome wa baharini yameharibika umbo yalipowekwa kwenye maji yaliyoloweka mpira wa tairi, na zinki ni miongoni mwa washukiwa wakuu. Ila vipimo vingi vya maabara hutumia mpira mwingi kuliko unaopatikana baharini, na spishi hutofautiana sana: samaki jamaa wa coho aitwaye chum hafi kwa maji yaleyale. Kwa hiyo namba ya coho haiwezi kubandikwa kwa sato au sangara.

Kwetu, mtaro wa Nakivubo huchukua maji ya barabara za katikati ya Kampala hadi ghuba ya Murchison, Ziwa Victoria. Sato jike hulea mayai na vifaranga mdomoni, lakini maji hupita humo muda wote, na ulinzi huo hauzuii kilichoyeyuka. Vifaranga wakiachiwa hujificha kwenye maji mafupi ya kando, pale pale mitaro inapoishia.

Kinachojulikana kufanya kazi ni udongo. Maji ya barabara yaliyochujwa kwa mchanga sehemu 3 na mboji sehemu 2 hayakuua coho tena. Tabaka hilo likizibwa na tope, maji hupita juu yake bila kuchujwa, kwa hiyo tope la juu lazima likwanguliwe kabla ya msimu wa mvua.