Je, wajua kwa nini tabasamu la keshia liliwakera Wajerumani?

Ingia Aldi, maduka ya vyakula ya bei nafuu, mjini Essen, Ujerumani, huko huko yalikoanzia. Hakuna wa kukukaribisha. Toroli unalifungua kwa sarafu. Keshia ameketi, anapitisha maziwa, mkate na soseji kwa kasi ya cherehani, nawe unavitupia torolini upesi kwa sababu aliye nyuma yako keshaanza kukukodolea macho. "Danke", "Tschüss", basi. Mfuko utajipangia mwenyewe pembeni.

Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, walifika Ujerumani mwishoni mwa 1997 kwa kununua maduka 21 ya Wertkauf. Mwaka uliofuata wakaongeza 74 ya Interspar. Wakaja na desturi za kwao Arkansas, Marekani: mtu mlangoni wa kuwalaki wateja, keshia wa kutabasamu, mwingine wa kukufungashia vitu.

Kwa Mmarekani huo ndio uungwana. Tabasamu lake kwa mgeni ni kama "habari?" yetu: unaitikia "nzuri" hata kama umelala na njaa, na hakuna aliyedanganywa. Mjerumani tabasamu anamwekea anayemjua. Asiyemjua akimchekea, anajiuliza: huyu ana shida gani nami? Iliripotiwa hata wapo wanaume waliodhani keshia anawataka. Sembuse mtu baki kushikashika vyakula vyako!

Wafanyakazi nao walitakiwa kuimba pamoja jina la kampuni kabla ya kazi. Kisha zikaja kanuni za maadili zilizogusa hadi mapenzi baina ya wafanyakazi, pamoja na simu ya kumripoti mwenzako. Kumchongea mwenzako, katika nchi iliyopitia Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, na mashariki yake Stasi, polisi wa siri wa Wakomunisti! Mwaka 2005 mahakama ya kazi ya Düsseldorf ilisema marufuku hiyo ya mapenzi haikubaliki.

Ila tusilitwike tabasamu mzigo wote. Mkuu wa kwanza ambaye Walmart walimtuma hakujua Kijerumani. Aldi na wenzao Lidl, nao wa Ujerumani, tayari walikuwa wakiuza bei ya chini, na mwaka 2000 mamlaka ya ushindani ikawazuia wote watatu kuuza baadhi ya vyakula, maziwa yakiwemo, chini ya bei ya kununulia. Mwaka 2006 Walmart wakawaachia Metro, kampuni ya maduka ya Kijerumani, maduka 85, na hasara ya takriban dola bilioni 1.

Aldi wao wako Marekani tangu 1976, walipofungua duka Iowa, na sasa wana zaidi ya 2,000. Keshia ameketi, toroli kwa sarafu, na Mmarekani anajifungashia mwenyewe.