Shamhat hakumharibu Enkidu

Wengi wanaosimulia Utenzi wa Gilgamesh, ule wa mfalme wa Uruk huko Mesopotamia (Iraki ya leo), humwacha Shamhat palepale: kahaba aliyemnasa porini Enkidu, mtu aliyeishi na wanyama, akamharibu, basi. Vibao vya udongo ulimoandikwa utenzi huo vinasema zaidi. Baada ya siku sita na usiku saba za kulala na Shamhat, wanyama wanamkimbia Enkidu, ila yeye amepata akili na ufahamu. Shamhat anamvika nguo, anamfikisha kwa wachungaji, na huko Enkidu anaonja mkate na bia kwa mara ya kwanza. Kwa lugha yetu tungesema amefundwa.

Laana ipo, kweli. Enkidu anamlaani Shamhat akiwa mahututi. Lakini Shamash, mungu jua, anamkemea: si huyo aliyekulisha mkate, akakupa Gilgamesh awe rafiki yako? Ndipo Enkidu anambariki Shamhat. Sehemu hiyo ndiyo husahaulika.

Wala Shamhat si peke yake. Ninsun, mama yake Gilgamesh, ndiye anayemfasiria ndoto. Siduri, mwenye kilabu cha pombe kando ya bahari, anamwelekeza Gilgamesh, anayetafuta uzima wa milele, kwa mvushaji Urshanabi. Na mke wa Uta-napishti, yule mzee aliyenusurika gharika na kupewa uzima wa milele, mke ambaye hata jina hakupewa, anamhimiza mumewe asimwache mgeni aondoke mikono mitupu. Hapo ndipo siri ya mmea wa kurudisha ujana inapotoka.