Je, wajua ni wapi duniani watu hufanya kazi wiki ndefu kuliko kwingine, na kwa nini?

Ukiuliza ni taifa gani linaongoza kwa kujichosha na kazi, wengi watakujibu bila kusita: Japani. Sifa hiyo haikuzuka tu. Huko sheria inatambua kifo kilichotokana na kazi kupita kiasi, na familia ya marehemu inaweza kulipwa fidia. Ila ukifungua takwimu unakutana na mambo mengine. Kwa hesabu za OECD, shirika linalokusanya nchi nyingi tajiri na chache za kipato cha kati, mfanyakazi wa Japani mwaka 2023 alifanya kazi wastani wa saa 1,600 na ushee kwa mwaka mzima. Mmarekani alikaribia 1,800. Mgiriki, aliyesemwa sana kuwa mvivu wakati nchi yake imezama kwenye madeni, alikaribia 1,900, huku Mjerumani akiwa hata 1,350 hazifiki. Wameksiko walipita 2,200.

Na hapo bado hatujagusa nchi zenye wiki ndefu kweli kweli, kwa sababu nyingi hazimo katika orodha hiyo.

Shirika la Kazi Duniani (ILO) huhesabu wiki kuwa ndefu mno ikizidi saa 48. Kipimo hicho ni cha zamani: mkataba wa kwanza kabisa wa shirika hilo, uliopitishwa Washington mwaka 1919, uliweka kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Zaidi ya miaka mia imepita, na ripoti ya ILO ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi duniani bado wanavuka kikomo hicho. Asia ya Kusini na Asia ya Mashariki ndizo zinazotia fora, kwa wastani wa saa 49 hivi kwa wiki, wakati Amerika ya Kaskazini ni kama 38. Kwa nchi mojamoja, Bhutan, ile nchi ndogo ya milima ya Himalaya inayosifika kwa kupima furaha ya raia wake, imekuwa ikitajwa kileleni miaka ya karibuni: karibu sita kati ya kila wafanyakazi kumi hufikisha saa 49 au zaidi. India ni takriban nusu.

Saa hizi zinahesabiwaje? Hakuna mashine. Karani wa takwimu anabisha hodi na kuuliza: wiki iliyopita ulifanya kazi saa ngapi? Mtu wa ofisini anajibu upesi. Sasa mchukue mwenye kiduka anayefungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa mbili usiku, siku sita kwa wiki. Hata ukimtoa saa moja ya chakula kila siku, anabaki na saa 78. Pengine nusu ya muda huo alikaa tu akisubiri wateja, lakini wataalamu wa takwimu za kazi walikubaliana mwaka 2008 kwamba kusubiri huko ni kazi, maana hawezi kuondoka. Mapumziko mafupi ya chai yanahesabiwa pia. Safari ya kwenda na kurudi kazini haihesabiwi, hata ikimla mtu saa tatu kila siku. Tena kwa kanuni waliyoikubali mwaka 2013, anayelima chakula cha kula nyumbani kwake pekee haingizwi katika kundi la walioajiriwa, hata akishinda shambani kutwa. Kwa hiyo nchi inaweza kuonekana na wiki fupi kumbe wakulima wake wengi hawakuguswa na hesabu.

Swali la kwa nini lina jibu rahisi kuliko watu wanavyodhani, na halina uhusiano mkubwa na bidii wala uvivu. Saa moja ikilipa kidogo, unahitaji saa nyingi ili upate chakula na kodi ya nyumba. Wachumi Alexander Bick, Nicola Fuchs-Schündeln na David Lagakos walilinganisha nchi maskini na tajiri katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wakakuta kwamba mtu mzima katika nchi maskini hufanya kazi takriban asilimia 50 zaidi ya mwenzake wa nchi tajiri. Ndani ya nchi nyingi, anayelipwa kidogo ndiye anayefanya kazi saa nyingi. Katika nchi tajiri zaidi mambo yanageuka: wenye mishahara minono ndio wanaochelewa kutoka ofisini. Ulaya yenyewe ilipita njia hiyo. Katika karne ya 19, wiki ya saa 60 na zaidi ilikuwa kawaida katika viwanda vyake.

Sheria nayo? Inasaidia pale inapofika. India ina kikomo cha saa 48 viwandani tangu mwaka 1948, lakini karibu watu tisa kati ya kumi wanafanya kazi zisizo rasmi, ambako mkaguzi wa kazi haonekani. China inaruhusu wiki ya saa 44, ila kampuni nyingi za teknolojia zilizoea ratiba ya saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita, mpaka Mahakama Kuu ya Watu ilipotamka Agosti 2021 kwamba ni kinyume cha sheria. Korea Kusini ilishusha kikomo kutoka saa 68 hadi 52 mwaka 2018. Mwaka 2023 serikali ilitaka kuruhusu hadi saa 69 katika wiki zenye kazi nyingi. Vijana wakaja juu, na mpango ukarudishwa nyuma.

Wastani pia una hila zake. Uholanzi ina wiki fupi sana, na sababu kubwa ni kwamba watu wengi, hasa wanawake, wameajiriwa kwa siku chache tu kwa wiki.

Kwa afya, hatari inaanza kuonekana wazi kwenye saa 55. Shirika la Afya Duniani (WHO) na ILO zilikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo mwaka 2016. Akilinganishwa na anayefanya kazi saa 35 hadi 40, mtu wa saa 55 au zaidi ana uwezekano wa asilimia 35 zaidi wa kupata kiharusi.

Katika takwimu za kazi za kulipwa wanaume ndio wengi kwenye wiki ndefu. Lakini kupika, kufua, kulea watoto na kuuguza wagonjwa havimo humo, na ILO ilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake hubeba robo tatu ya saa zote za kazi hizo zisizo na malipo.